Daftari Lililosema Nyangwine Alikataa

Babu yangu Kornelio amefundisha darasa la ubatizo hapa Nyanungu kwa miaka thelathini na sita. Hajawahi kulipwa. Ana baiskeli moja, koti moja la kanisani, na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwona akikosa jibu mbele ya wanafunzi wake, mpaka Jumamosi ile Waisiko aliponyoosha mkono.

Wanafunzi walikuwa tisa, wamebanana kwenye mabenchi ya mbele kwa sababu bati la nyuma linavuja. Mimi nilikaa kando ya babu, Biblia magotini. Tangu mtoto wa jicho amzibe macho, yeye hufundisha na mimi humsomea.

Somo lilikuwa hukumu. Babu alilisema kama anavyolisema kila mwaka, bila kupamba. Aliyesikia akaamini ataokoka. Aliyesikia akakataa amejihukumu mwenyewe. Na asiyesikia kabisa naye amepotea, ndiyo maana Mungu anatuma watu wakahubiri.

Waisiko akasimama. Ni mjane wa karibu miaka sitini. Alikuwa ameolewa Mbalibali, na baada ya mume wake kufariki alikuja kuishi na binti yake aliyeolewa huku kwetu. Hakuna aliyekuwa msikivu kama yeye, na hakuwa amewahi kuuliza kitu.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, mama. Uliza."

"Baba yangu alikufa hajasikia. Si kwamba hakutaka. Alituma mtu kuja huku kwenu, akaomba aletewe wa kumweleza huyo Yesu ni nani. Akajibiwa kwamba mtu atakuja Alhamisi. Akafagia ua, akanyunyizia maji, akafunga jogoo kamba mguuni kwa ajili ya mgeni. Mgeni hakuja."

"Jogoo akapona," akasema kijana mmoja wa benchi la pili, na wenzake wakacheka.

"Hakupona, mura," Waisiko akamjibu kijana yule bila kugeuka. "Aliungua. Siku ile walikuja watu wengine, wakachoma boma lote. Mimi nilikuwa kwa mume wangu Mbalibali, niliambiwa tu. Baba akafa kabla mahindi hayajavunwa. Sasa nauliza, mwalimu. Yuko wapi?"

Babu alikuwa ameshika pembe ya meza. "Baba yako alikuwa nani?"

"Nyangwine, wa ng'ambo ya kijito."

Babu akaiachia pembe ya meza, akaanza kupapasa kofia yake.

"Ubatizo ni Jumapili, baada ya wiki mbili," Waisiko akaendelea. "Bila jibu mimi siingii majini. Siwezi kumwacha baba yangu upande ule halafu mimi niende upande huu naimba haleluya."

"Nitakujibu Jumamosi," babu akasema. Akavaa kofia, akatoka. Wanafunzi walibaki wanatazamana kwa sababu hakuwa amefunga kwa sala.

Nilimkuta nje amesimama kwenye manyunyu. Akanishika bega kama kawaida, tukaanza kutembea. Tulipofika kwenye shamba letu la mihogo akasimama.

"Bhoke," akasema, "yule mtu wa Alhamisi ni mimi."

Alinieleza hapohapo, ameligeuzia shamba mgongo. Ilikuwa mwaka 1988, mwaka wake wa kwanza wa uinjilisti. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Ombi la mzee Nyangwine lilipokuja, watu walishangaa, maana ukoo wa ng'ambo na wa kwetu walikuwa hawapeani hata moto wa kuwashia jiko. Babu akajitolea kwenda. Alhamisi asubuhi akatia Biblia kwenye mfuko wa koti akaondoka. Hakuwa amefika kijitoni aliposikia yowe nyuma yake.

Kwetu huku yowe la kuibiwa ng'ombe halikuulizi wewe ni nani. Mwanamume akilisikia anakimbilia linakotoka. Asiyekimbia anatozwa faini na ukoo wake, na tangu siku hiyo anaitwa mwanamke mbele ya watoto wake. Babu akageuka. Ng'ombe kumi na mmoja wa baba yake mdogo walikuwa wameswagwa alfajiri. Akapewa upinde, akafuata nyayo pamoja na wengine.

Nyayo zilivuka kijito zikapanda mlima. Mahali pengi ardhi ilikuwa kavu na ngumu, wakazipoteza, wakazipata, wakazipoteza tena. Kisha wakafika kwenye ua uliofagiwa na kunyunyiziwa maji jioni iliyopita, na pale zilionekana wazi kama zimechorwa. Wezi walikuwa wamepitisha ng'ombe katikati ya boma la Nyangwine huku mzee amelala.

Desturi inajulikana. Nyayo zikiingia kwenye boma la mtu, mwenye boma lazima atoe unyayo, yaani aonyeshe nyayo zinakoendelea baada ya kutoka bomani kwake. Akionyesha, wanaofuatilia wanaendelea na safari. Akishindwa, mwizi ni yeye. Nyuma ya boma la Nyangwine kulikuwa na mwamba mpana, na kwato haziachi alama kwenye mwamba. Vijana wake waliposikia kelele walikuwa wamekimbia na ng'ombe wao. Mzee alikuwa peke yake. Alizunguka ule mwamba mara mbili, ameinama, anatafuta. Hakupata kitu.

"Wakachoma," nikasema.

"Tukachoma," babu akanisahihisha.

Lakini hilo halikuwa mwisho wake. Wiki iliyofuata mchungaji wa wakati ule alimuuliza kama alifika kwa Nyangwine. Babu akasema alifika. Akaulizwa mzee alisema nini. Babu akasema alikataa. Mchungaji akampa daftari la uinjilisti aandike kwa mkono wake, naye akaandika.

"Ningeweza kurudi," akasema. "Mzee aliishi kwa mpwa wake karibu miezi mitatu baada ya ule moto. Ningeweza kwenda hata mara moja. Niliona aibu, na aibu ikawa ndefu, halafu nikasikia amekufa."

Bibi yangu, Felista, alilijua jambo hili siku nyingi. Tulimkuta jikoni anachambua maharage. Babu alipomwambia ni nani aliyeuliza, na kwamba anafikiria kusema, bibi aliweka ungo chini taratibu.

"Mzee, nyamaza."

"Mama Anold, yule mama anataka kujua."

"Ajue baba yake amekufa. Hilo analijua tayari. Unamfahamu kaka yake, Matiko? Ana vijana saba wa kiume. Saba! Wazee wamekula kiapo cha amani mwaka juzi tu, wino haujakauka, halafu wewe usimame kanisani useme ni mimi niliyechoma? Unataka mishale iingie humu ndani inifuate mimi na huyu mtoto?"

"Sasa nifanyeje?"

"Umekaa nalo miaka thelathini na sita na hukufa. Kaa nalo mingine mitatu minne, utakufa kawaida."

Nilitaka kucheka, lakini macho ya bibi yalikuwa yamejaa machozi. Alizika kaka zake wawili katika vita vile vya koo.

Kuanzia siku hiyo babu aliniamsha kila asubuhi tukakae chini ya ukingo wa nyumba nimsomee. Alitaka kujua waumini wote wamesema nini juu ya watu waliokufa bila kusikia. Nilikuwa na kitabu kinene cha mafundisho ya Kanisa nilichokuja nacho kutoka chuoni. Nikamsomea kwamba wako waliofundisha tangu zamani kuwa hakuna njia nyingine, na kwamba asiyemjua Kristo amepotea hata kama kosa si lake, kwa sababu kila mtu ana dhambi zake. Babu akatikisa kichwa. Hilo alilijua, ndilo alilofundisha maisha yake yote.

Nikamsomea wengine wanaosema Mungu ameandika sheria yake ndani ya moyo wa kila mtu, na aliyeifuata kwa uaminifu, kama kutojua kwake si kosa lake mwenyewe, anaweza kuokolewa kwa Kristo yuleyule ambaye hakupata kulisikia jina lake. Akaniambia nirudie. Nikarudia mara tatu.

"Nani wanasema hivyo?"

"Wakatoliki wanafundisha hivyo. Na baadhi ya Waprotestanti pia."

"Hm. Endelea."

Kuna waliosema kwamba Kristo alishuka kwa wafu akawahubiria. Kuna waliosema kila mtu atakutana naye saa ya kufa na kuulizwa mwenyewe. Na kuna waliosema haya mambo hatukuambiwa, tumwachie Mungu, kwa kuwa hawezi kumdhulumu mtu.

"Na huko kwenye kitabu chako," babu akauliza, "wamesema nini juu ya yule aliyetumwa kupeleka habari, akafika na kibiriti?"

Nilipekua kurasa ingawa nilijua hakuna.

"Unaona," akasema. "Wote wanabishana juu ya Nyangwine. Juu yangu hakuna anayebishana."

Alhamisi Mchungaji Sylvester alikuja na pikipiki yake. Ni kijana, amesoma chuo cha biblia, na anampenda babu kweli. Alikunywa uji, akaweka kikombe chini.

"Mwinjilisti, swali la yule mama limenifikia. Nimekuja tukubaliane. Usiwafungulie watu mlango wa nyuma. Ukisema asiyesikia ataokoka, basi sisi tunaohubiri ndio tunaowaharibia. Mtu alikuwa salama huko porini kwake, tukaenda tukamsumbua na Injili, akaikataa, sasa amepotea. Si bora tukae nyumbani?"

"Na tukisema wamepotea wote, mchungaji, je, nani anaulizwa kwa ajili yao?"

"Anaulizwa nani tena?"

Babu alinyanyua uso kumwelekea. Nilidhani atasema. Bibi, aliyekuwa mlangoni, naye alidhani hivyo, maana alikohoa kumwonya. Babu akasema, "Basi tu."

"Halafu usijali sana," mchungaji akasema huku akivaa kofia yake ngumu. "Kabatini kuna madaftari ya zamani ya uinjilisti. Kama huyo mzee alifikiwa, itakuwa imeandikwa. Nitaangalia, kisha nitamjibu mwenyewe Jumamosi mbele ya wazee wa kanisa."

Pikipiki ilipoondoka, babu alibaki ameketi na mikono kati ya magoti. "Atalikuta," akasema.

Nilimwambia labda panya wamelila. Nilikuwa nasali kweli panya wawe wamelila.

Jumamosi kanisa lilijaa. Ilikuwa siku ya kuwapima wanafunzi kabla ya ubatizo, kwa hiyo wazee wa kanisa sita walikuwepo, na watu wengine walikuja kwa sababu habari ya swali ilikuwa imesambaa. Bibi alikaa benchi la mwisho, chini ya bati linalovuja. Karibu na mlango alikaa mtu mrefu mwenye mvi, fimbo kati ya miguu, ambaye hakuvua kofia. Sikuhitaji kuambiwa. Waisiko alikuwa amemleta kaka yake Matiko asikie jibu.

Mchungaji alianza na sala. Kisha akatoa daftari lenye jalada la bluu lililochakaa.

"Mama Waisiko," akasema kwa upole, "Bwana amenirahisishia. Swali lako lilikuwa juu ya mtu asiyesikia. Lakini baba yako si mtu wa namna hiyo. Nasoma hapa, mwaka 1988. 'Nyangwine, ng'ambo ya kijito. Amefikiwa. Amekataa.'" Akafunga daftari. "Na mwinjilisti aliyeandika mnaye hapa. Ni Mwalimu Kornelio mwenyewe."

Vichwa vyote viligeuka. Waisiko alimgeukia babu.

"Kwa hiyo ulifika?"

Babu aliinamisha kichwa.

"Miaka yote hii nimemlilia baba kwa sababu hakuletewa. Kumbe aliletewa, akasema hataki? Yeye aliyefagia?" Akainama akaokota mkoba wake. "Basi. Asante, mchungaji. Nimejibiwa."

"Twende, dada," Matiko akasema kutoka mlangoni. "Si nilikuambia? Watu hawa wana daftari la kila kitu."

Waisiko alikuwa ameshapiga hatua tatu kuelekea mlangoni babu aliposema, "Kaa, Waisiko. Daftari linasema uongo."

"Kornelio!" bibi akalia. Sijawahi kumsikia akimwita babu kwa jina.

Babu alisimama, akashika meza. Akasema yote. Alhamisi, yowe, upinde, nyayo kwenye ua uliofagiwa, mwamba, mzee akiinama akitafuta. Akasema alivyomdanganya mchungaji wa wakati ule na alivyoandika. Hakupunguza kitu. Kwa jinsi sauti yake ilivyo, hata waliokuwa nje walisikia.

Alipomaliza, Matiko alikuwa amesimama.

"Ghala," akasema. "Ghala la ulezi. Nani aliliwasha?"

"Mimi."

"Wewe, au wenzako?"

"Wenzangu walichoma nyumba. Ghala niliwasha mimi."

"Msimu ule tulikula mboga za porini mpaka watoto wakavimba matumbo. Unajua hilo?"

"Silijui. Sasa nalijua."

Matiko alianza kuja mbele. Mzee mmoja wa kanisa akasimama njiani, Matiko akamsogeza kwa mkono mmoja kama mtu anayesogeza kiti. Mimi nilikuwa kati yake na babu, na nakiri nilibaki nimekaa.

"Kaa chini, Matiko," Waisiko akasema. "Sijamaliza naye."

"Huyu mtu—"

"Baba ni wako na ni wangu. Kaa."

Hakukaa, lakini alisimama hapohapo alipokuwa.

"Alikuona?" Waisiko akamuuliza babu.

"Aliniona. Biblia ilikuwa imechomoza mfukoni, akanitambua kwa hiyo. Akasema, 'Mtu wa Kitabu, karibu. Kiti chako ni kile.' Kigoda kilikuwa kivulini kimesafishwa. Halafu akaniuliza, 'Tunaanza na habari yako, au na hii ya ng'ombe?'"

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu. Waliniletea kijinga cha moto, nikakipokea."

Waisiko alifunga macho.

"Kwa hiyo hakukataa," akasema.

"Hakukataa hata kidogo. Mimi ndiye niliyekataa kumwambia."

"Haya. Sasa swali langu liko palepale. Yuko wapi?"

"Sijui, mama." Watu waliguna. "Jumamosi ile nilisema wasiosikia wamepotea, na nilisema kwa sauti kubwa kwa sababu nilikuwa na hofu. Wiki nzima nimesomewa. Watu waliompenda Mungu kuliko mimi hawakubaliani. Sitakudanganya mara ya pili. Lakini nilikuwepo kwenye ule ua. Mwenye Biblia alikuwa na moto, na asiyekuwa nayo alitoa kiti. Mungu naye alikuwepo, aliona. Kama ningeambiwa nichague nisimame mbele yake kwenye nafasi ya nani, yangu au ya baba yako, ningechagua ya baba yako."

"Mwinjilisti, hapo umevuka mpaka," mchungaji akasema kwa sauti ya chini.

"Huenda, mchungaji."

Waisiko akamkaribia babu mpaka wakawa wanatenganishwa na meza tu. "Yale maneno uliyokuwa umebeba siku ile. Bado unayo?"

"Ninayo."

"Basi njoo Jumatano uyaseme. Kaburi lipo, na njia unaijua. Ukija, Jumapili ya ubatizo naingia majini. Usipokuja, siingii, wala msije kunitembelea nyumbani na nyimbo zenu."

"Mama, Kanisa halihubirii wafu," mchungaji akasema. "Hilo si jambo dogo. Mwinjilisti akienda, nitalazimika kumsimamisha. Miezi mitatu asifundishe, kwa uchache. Na hata kwa uongo huu wa daftari bado tutakaa kikao."

"Mchungaji," Waisiko akasema, "wewe sikukualika."

Matiko alikuwa ameshatoka. Hakuna aliyejua anafikiri nini.

Siku nne zilizofuata tuliishi tukisikiliza mbwa, tusije tukavamiwa. Mjomba wangu Anold alipiga simu kutoka Robanda, anakofanya kazi kwenye kambi ya watalii, akamwambia babu asivuke, atume salamu tu. Babu akamwambia, "Salamu nilizituma miaka thelathini na sita iliyopita." Akakata simu. Bibi hakusema naye neno, lakini Jumatano asubuhi nilikuta amepiga pasi koti lake, na tulipotoka alifunga mlango, akatufuata nyuma hatua ishirini hivi, kanga kichwani.

Kijito kilikuwa na maji ya magoti. Nilimshika babu mkono tukavuka juu ya mawe. Tulipopanda mlima nikaliona boma, nyumba tatu za bati, na mbele yake watu wamesimama mstari. Nikasita.

"Nini?" babu akauliza.

"Vijana wa Matiko."

"Wangapi?"

"Saba."

"Wana nini mkononi?"

"Mapanga, babu."

Akafikiri kidogo. "Wamekaa au wamesimama?"

"Wamesimama."

"Basi wanatungoja. Twende."

Matiko alitupokea langoni. Alisema vijana wametoka kupalilia. Nilitazama mapanga na kuona kweli yana udongo, lakini panga lenye udongo linakata vilevile, na hakuna hata mmoja aliyetuamkia. Tukapita katikati yao. Waisiko alikuwa nyuma ya nyumba, ameketi chini karibu na rundo la mawe lililozungukwa na majani ya maboga. Hakusimama. Alinyoosha kidole mahali pa babu kusimama.

Babu akavua kofia.

"Mzee Nyangwine," akaanza, na sauti ile ambayo nimeisikia ikifika mpaka barabarani ilitoka kama ya mgonjwa. "Mimi ni Kornelio. Nilitumwa kwako. Nimekuja kukueleza habari za—"

"Sema kwa sauti," Matiko akasema nyuma yetu. "Alikuwa hasikii vizuri."

Sikujua kama ni dhihaka. Babu hakuuliza. Alivuta pumzi, akainua sauti, akaanza upya. Alieleza Mungu aliyeumba mlima huu na ng'ombe na watu wa pande zote mbili za kijito. Akaeleza mtoto aliyezaliwa mahali pa mifugo, akakua, akaponya watu, akala na wale ambao hakuna aliyetaka kula nao. Akaeleza alivyokamatwa bila kosa, na waliomkamata walivyokuwa watu wa dini. Hapo alisimama kidogo, akajifuta uso kwa mkono wa koti, akaendelea mpaka kaburi lililokutwa wazi. Hakutaja upande wa kushoto wala wa kulia, moto wala mbingu. Mwisho akasema, "Hayo ndiyo niliyopewa nikuletee. Ghala nililichoma mimi. Nakuomba msamaha, na watoto wako hawa nawaomba."

Vijana walikuwa wamesogea mpaka kwenye kona ya nyumba. Nilisikia bibi akinong'ona sala.

Matiko alitazama jua, kisha akamtazama babu.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo."

"Yaani hayo ndiyo baba alikuwa anayangoja?"

"Ndiyo hayo."

"Hata ng'ombe hajamaliza kukamuliwa." Alisema polepole, kama mtu anayepiga hesabu asiyoamini jibu lake. "Ni maneno mafupi hivi, na ulishindwa kuja nayo."

"Nilishindwa."

Matiko alimkazia macho mpaka mimi nikatazama chini. Halafu akageukia wanawe. "Mnangoja nini? Nimewaambia shamba lile liishe leo."

Waliondoka mmoja mmoja, na wa mwisho, alipompita bibi yangu, akasema shikamoo.

Waisiko akasimama, akakung'uta gauni. "Jumapili tunaingia majini saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi," babu akasema. "Lakini mimi sitakuwepo mbele. Nitakuwa nimesimamishwa."

"Najua. Simama hata nyuma, nikuone." Akatazama lile rundo la mawe. "Baba ameletewa. Kama amesikia, ni kati yake na huyo Mungu wako. Mimi nimesikia."